Mwaka Ambao Yusufu Hakutujua

Rukia alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka, akasema kaka yake ameondoka na wanamzika baada ya adhuhuri, nikitaka kuja nije upesi. Nilifunga saluni, nikajitanda mtandio, nikapanda taxi mbili mpaka Chatsworth, na nilipofika wanaume walikuwa wameshambeba. Nikaingia jikoni kwa wanawake, nikapewa kisu na ndoo ya viazi vya breyani, kwa sababu katika nyumba ile mimi sikuwahi kuwa mgeni wa kukalishwa sebuleni. Nilimenya na kusikiliza. Walisema marehemu alikuwa mpole. Walisema alifundisha hesabu mpaka macho yakamharibikia, na kwamba sukari ilimtesa. Binti mmoja wa ukoo, msichana wa chuo mwenye miwani mikubwa, akauliza ni kweli Uncle Yusufu aliwahi kutaka kuwa premia wa mkoa mzima? Shangazi yake akamwambia, "Eish, mambo ya zamani hayo, angalia mchele usiungue," na mchele ulikuwa bado haujabandikwa. Nami niliendelea kumenya. Lakini mimi nikiikumbuka Durban ya ujana wangu, mwaka ule ndio unaotangulia mbele ya yote, na nina hasira nao mpaka leo. Watu wa kanisani kwangu wananihimiza nisamehe. Nimsamehe nani? Wote wamekufa au wamehama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia amekosea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepanga chumba cha nyuma cha nyumba hiyo hiyo, chumba chenye bati lililolia mvua ikinyesha na dirisha lililotazama jikoni kwa Bibi Halima, mama yao Rukia na Yusufu. Bibi alikuwa mweusi kama mimi, lakini serikali ile ya kibaguzi ilikuwa imemwandika Mwaasia. Wazee wake waliletwa Durban kutoka pwani ya Afrika Mashariki zamani sana, Waislamu, wakakaa Bluff kando ya bahari, kisha wakahamishwa kwa nguvu na kutupwa hapa Chatsworth katikati ya Wahindi, kwa kuwa afisa fulani hakujua awaweke wapi. Basi Bibi aliwalea watoto wake kwa Kiswahili jikoni, Kizulu barabarani na Kiingereza shuleni, na jikoni ndiko alikokuwa mkali zaidi. Aliyeomba chumvi kwa Kiingereza hakupewa chumvi. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo kumsalimia kwa Kiswahili changu cha Bukavu, huko Kongo, alicheka mpaka akashika meza. "Kiswahili gani hiki, mwanangu, kimetoka nyumbani bila viatu?" Lakini tangu siku hiyo nilikula kwake kila jioni, na akanizoeza kuketi upande wa jiko kwa sababu alisema mimi ni mtu wa baridi. Hakuna mtu mwingine katika mji huu aliyenifanyia hivyo, kabla yake wala baada yake.

Yusufu, ambaye nilimwita Kaka kwa heshima, alikuwa amepita miaka arobaini, hajaoa, mwalimu wa hesabu katika shule ya Umlazi. Kizulu chake kilikuwa kitamu kuliko cha Wazulu wengi. Wazazi wa wanafunzi walikuwa wakimsimamisha kwenye robot, taa za barabarani, ili tu wamsikie akisalimia. Mwaka ule chama kipya kilikuwa kinatafuta uso wa kuweka kwenye mabango. Hapa watu hupigia chama kura, si mtu, lakini kila chama hutanguliza mtu atakayekuwa premia, yaani kama gavana wa mkoa. Chama chenyewe hakina haja ya kutajwa jina, kimeshakufa na hakikulilia mtu. Wakubwa wake walimwona Kaka Yusufu wakadhani wameokota dhahabu: Mwafrika kwa ngozi, Mwaasia kwa makaratasi ya zamani, mwenyeji wa Chatsworth, mwalimu wa Umlazi. Kila upande utamwona wake, walisema. Na yeye aliamini. Sasa nikifikiria, nadhani hakuutaka hata huo ukubwa. Alitaka kitu kimoja tu, ambacho watu wengine huzaliwa nacho wasijue wanacho: kwamba mtu wa mkoa huu amtazame asimuulize ametoka wapi. Aliniambia hivyo mwenyewe siku moja ananisaidia kubeba ndoo. "Solange, wewe ukiulizwa umetoka wapi una jibu. Mimi nikisema nimetoka hapa, wananiuliza tena."

Wakubwa wa chama walikuja kula kila Ijumaa baada ya sala. Bibi aliwapikia pilau na samaki wa nazi, mimi na Rukia tukipeleka sahani, na mlango wa jikoni haukufungika vizuri, kwa hiyo tulisikia yote. Mshauri wao mkuu alikuwa kijana aitwaye Vishal, mwenye suti nzuri na tabia ya kuzungumza huku anatafuna. Aliwagawa watu wa mkoa mezani kwa kijiko. Rundo hili la wali ni Wazulu. Hili Wahindi. Hawa hapa Machotara, hawa Wazungu. Anasukuma punje kutoka rundo hadi rundo, Yusufu atatuletea hawa, Yusufu atawatoa wale kwa yule mzee wa chama kingine. Kaka Yusufu alikuwa ameegemea mbele, macho kwenye sahani kama mwanafunzi. Ndipo Bibi Halima akaingia na bakuli la kachumbari, akaitazama ile sahani iliyochafuliwa, akauliza kwa Kiingereza chake cha polepole: "Na sisi tuko rundo lipi?" Vishal akatazama sahani, akatazama kijiko. Akacheka, akasema, "Aunty, ninyi ndio siri yetu." Bibi akaweka bakuli na kurudi jikoni. "Chakula changu nimekipika kiliwe," akaniambia, "na yeye ananichezea kama mchanga." Rukia alicheka, mimi nilicheka. Bibi hakucheka.

Mchana nilikuwa nasuka nywele mjini, katika saluni ya Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu mwenye mwili mkubwa na moyo uliouzidi mwili. Tulipanga chumba kimoja na fundi wa simu, na wateja wetu walikuwa Wazulu, wanawake wa ofisini na wauguzi, waliotupa vichwa vyao kwa saa nyingi na kusahau kwamba tunawasikia. Mabango yalipotundikwa kwenye nguzo, wakaanza. Huyu ni Mhindi aliyevaa ngozi yetu, mmoja alisema. Si Mhindi, mwenzake akamjibu, ni mgeni kama hawa, nasikia babu yake alitoka huko juu. Na nikirudi Chatsworth jioni, jirani wa Bibi, mama wa Kihindi aliyekula sikukuu zote katika nyumba ile, alikuwa akimwambia mwenzake ng'ambo ya ua kwamba Yusufu ni kijana mzuri sana, amemlea yeye mwenyewe, lakini lazima mtu atazame watu wake. Nilikuwa mjinga. Nilidhani ni maneno ya midomo tu, na kwamba siku ya kura watakumbuka samaki wa nazi.

Kaka Yusufu alikuja saluni mara moja, mapema katika kampeni, kabla ya wakubwa wake kumwekea dereva. Aliketi kwenye kiti cha wateja akaongea nasi Kiswahili mpaka chai ikapoa. Alisema anajua tunavyosumbuliwa kwenye makaratasi, alisema mimi na ninyi tumetoka mlango mmoja, ila sisi tulitangulia kufika. Mama Furaha alilia waziwazi. Alikuwa ameishi Durban miaka mingi na hakuna mtu mkubwa aliyewahi kumsemesha kwa lugha yake. Kaka Yusufu alipoondoka tu, Mama Furaha akazima redio ya saluni na kutukusanya.

"Weye Solange, sikia. Kura hatuna, sisi ni barefugié, bakimbizi. Mais shukrani tuko nayo. Kwetu mutu mukubwa akisimama, bamama banamuvalia pagne. Njo heshima. Tutamuacha asimame uchi?"

Wasomaji wasiotoka kwetu wajue kwamba hilo la pagne, yaani kitenge, kwetu si jambo la kufikiriwa mara mbili. Mgombea wa Kongo asiye na kitenge chenye uso wake ni mgombea asiye na mama. Basi kwaya nzima ya kanisa ikachanga, vitambaa vikachapwa na Mhindi mmoja wa Isipingo ambaye hakuuliza maswali, na vikarudi vya kupendeza mno: bluu na manjano, uso wa Kaka Yusufu ndani ya duara anatabasamu, na chini yake maneno YUSUFU WETU. Saluni ikageuka kiwanda. Fundi cherehani alikuwa mtu wa Lubumbashi asiyejali, na gauni la kwanza alilokata likaweka uso wa mgombea nyuma, chini ya kiuno. Mama Furaha alilinyanyua mbele ya taa na kupiga kelele mpaka fundi wa simu akatoka nje. "Kata tena! Uso ya mukubwa inaenda ku matako, mutu aikalie kama kiti? Uko na akili?" Tukacheka mpaka tukalia. Nyuso zote zikahamishiwa kifuani na mgongoni, na hatukumwambia Kaka Yusufu, kwa sababu zawadi ya aina hiyo ni lazima ishtue. Sikumwambia hata Bibi. Nililikunja gauni langu chini ya godoro na kila nikilala nilijiona mtu wa maana.

Mkutano wake mkubwa ulikuwa Cato Manor, uwanjani, Jumamosi yenye upepo. Sisi tulifika na taxi mbili zilizojaa, tukashuka tukiimba, vigelegele, mikono juu, rangi ya bluu na manjano tupu. Nadhani hata sasa nikifumba macho nayaona mabega ya Mama Furaha yakicheza mbele yangu. Watu walitupisha, na mwanzoni walipiga makofi, kwa kuwa nani hapendi kwaya? Kisha mwanamke mmoja wa makamo, mwenye uso wa kiungwana kabisa, akamshika Mama Furaha mkono na kumuuliza kwa upole, "Nivelaphi, bomama?" Mmetoka wapi, kina mama. Na Mama Furaha, aliyefurahi kuulizwa, akajibu kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie: "Congo!" Yule mwanamke akamwachia mkono. Hakumtukana. Alimgeukia jirani yake akamwambia, jirani akamwambia mwenzake, na nikaliona neno hilo likipita uwanjani, vichwa vikigeuka safu baada ya safu mpaka jukwaani. Simu zikainuliwa kutupiga picha. Nikamtafuta Kaka Yusufu. Alikuwa amesimama na kipaza sauti mkononi, akiutazama uso wake mwenyewe vifuani mwetu, na hakuwa anatabasamu kama kwenye kitambaa. Nikadhani amezidiwa na furaha. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyodhani.

Kesho yake picha ilikuwa kwenye kila simu ya mkoa. Mgombea wa wageni. Wameleta watu wao kutoka nje, wameshamchagua, lugha gani ile waliyoandika? Hata wateja wetu wa saluni walituonyesha, wengine wakicheka, mmoja akitutazama kwenye kioo kwa namna ambayo sijaisahau. Mama Furaha hakuelewa. Aliwaeleza kila mmoja kuhusu heshima ya pagne, kwa mikono na kwa Kizulu chake cha sokoni, na kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Jioni ile nilimkuta Vishal sebuleni anatembea huku na huku, hakuleta njaa siku hiyo. Alikuwa anasema kuna njia moja tu, na ni kesho redioni, na ni kwa Kizulu. Kaka Yusufu alikuwa amekaa ameshika kichwa. Nilipopita na sinia hakuniangalia usoni.

Tulimsikiliza jikoni, mimi, Rukia na Bibi Halima, tunachagua mawe kwenye dengu. Kilikuwa kipindi cha asubuhi cha kupiga simu, na mtangazaji hakuzunguka. Wale wanawake ni nani? Kaka Yusufu akajibu kwa Kizulu chake kile kitamu: "Angibazi." Siwajui. Lugha yao unaijua? Hapana, akasema, siijui, sijawahi kuijua, nyumbani kwetu mimi nimelelewa kwa Kizulu na Kiingereza kama mtoto yeyote wa hapa. Mtangazaji akauliza atawafanya nini akichaguliwa. Akasema watakaokuwa hawana haki ya kukaa hapa watarudi kwao, na nyumba za biashara walimojazana mjini zitafunguliwa kwa wananchi. Alisema yote hayo bila kukwama, kama mtu anayefundisha hesabu. Rukia alinyoosha mkono kuzima, mama yake akamzuia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mpaka tangazo la sabuni. Kisha akaendelea kuchagua dengu. Nilikaa pale nikijua kwamba nimetajwa mimi, ninayekula jikoni mle.

Alirudi alasiri. Alipita mlango wa jikoni kama kawaida yake, akamsalimia mama yake kwa Kiswahili. Bibi hakugeuka. Akasema, "Ukudla kusetafuleni." Chakula kiko mezani. Nilidhani nimesikia vibaya, kwa sababu jikoni mle hakuna aliyewahi kusikia Kizulu. Kaka Yusufu akasema, "Mama." Akakaribia. Akasema kwa Kiswahili safi alichofundishwa naye, "Mama, ilibidi. Nisamehe." Ndipo Bibi akamgeukia, kwa adabu ile ile aliyowapa wageni wa chama, akamwambia kwa Kizulu kwamba haelewi, bwana anazungumza lugha gani? Hakuna kelele, hakuna machozi. Na tangu siku hiyo hakumsemesha Kiswahili hata neno. Alimpikia, alimfulia, alimwombea baada ya sala, na alimsemesha kama anavyosemeshwa mtu wa kusoma mita ya umeme. Rukia alimsihi, imamu alikuja kumsihi. Bibi aliwajibu jambo moja: amesema mwenyewe redioni hakijui, nami mwanangu sijamfundisha kusema uongo.

Kaka Yusufu alishindwa vibaya, kama mtakavyokuwa mmekisia. Chatsworth hawakumpa, Umlazi hawakumpa, Cato Manor ndiyo kabisa. Chama chake hakikupata kiti hata kimoja, na Vishal nilimwona mwaka uliofuata kwenye bango la chama kingine. Hilo la kushindwa halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba wiki ile baada ya redio vijana walishuka mtaa wetu wa saluni wakavunja vioo vya kila duka lenye mtu wa nje, wakaimba kwamba hata mwalimu amesema. Mama Furaha alikusanya vigae vya kioo kwa mikono, akakodi nafasi kwenye lori la Clairwood linalokwenda Cape Town, akaondoka na mashine zake za kukaushia nywele. Aliniuliza jambo moja tu kabla hajapanda. "Solange, tulimukosea nini?" Nikampandishia mashine ya mwisho. Leo ningeweza kumjibu, na jibu lingemuumiza zaidi, kwa sababu hatukumkosea kitu. Tulimpenda mbele za watu.

Bibi Halima alipata kiharusi kabla mwaka haujaisha. Upande wa kulia wote ukalala, na lugha zikamtoka kinyume na zilivyoingia, ya mwisho kwanza: Kiingereza kikaenda, kisha Kizulu, akabaki na Kiswahili, na mara nyingine Kimakua cha utotoni ambacho hakuna aliyekijua tena. Daktari alizungumza naye kupitia kwangu. Nilikuwa nalala sakafuni chumbani kwake, nikimgeuza, nikimnywesha uji kwa kijiko kidogo. Kaka Yusufu alikuwa akija baada ya shule na kukaa kwenye kiti karibu na mlango. Hakusema. Angesema kwa lugha gani? Kizulu mama yake hakukisikia tena, na Kiswahili alikuwa ameshanyang'anywa. Nilimwonea huruma, na nilimchukia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Alasiri moja Bibi akafumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu. Akaniita karibu.

"Huyu bwana anakuja kila siku," alisema. "Anataka nini?"

Kutoka kwenye kiti chake Kaka Yusufu akaniuliza kwa Kizulu, "Uthini?" Anasema nini? Alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulikuwa umelowa. Nikamtafsiria, Mungu anisaidie, nikamwambia kwa Kizulu kwamba mama anauliza bwana anataka nini.

Bibi hakungoja jibu. "Mwambie asihangaike," akasema. "Mwambie mwanangu Yusufu anakijua Kiswahili. Amwite Yusufu, atatusaidia."

Mpaka leo sijui kama alikuwa amechanganyikiwa, au alikuwa na akili zake zote na anamfungulia mlango. Nilitafsiri hayo pia. Kaka Yusufu akasimama, akatoka uani, nikamwona dirishani ameshika ukuta kwa mikono miwili. Alipotulia akarudi, akasimama mlangoni, akafungua mdomo. Bibi akamgeuzia uso wake mzima, ule upande uliobaki, akamngoja kwa upole kabisa. Na mimi nilisali, ambaye siku zile nilikuwa nimeacha kusali, nilisali litoke neno moja tu, lolote, hata "mama".

Akasema kwa Kizulu kwamba mwanawe yuko njiani.

Nikainama sikioni mwa Bibi nikamwambia, "Yuko njiani." Akaitikia kwa kichwa, akasema vyema, atamngoja.